Mahadhi ndiyo kituo: jinsi Wayahudi wanavyosoma Torati na Talmudi

Chukua Biblia ya Union, soma Isaya 40:3, halafu fungua Marko 1:3. Kwa Marko, anayelia yuko nyikani. Kwa Isaya, nyikani ndipo njia inapotakiwa kutengenezwa. Anayelia hatuambiwi yuko wapi. Kilichohama ni kituo tu. Marko anafuata mapokeo ya Kigiriki, Isaya wetu anafuata Kiebrania, na katika Kiebrania kituo hicho kimewekwa kwa alama ya uimbaji. Juu ya neno la pili la aya zimesimama nukta mbili wima, ziitwazo zakefu, zikimtaka msomaji akamilishe kipande cha mahadhi hapo ndipo aingie kwenye "nyikani".

Nafundisha muziki wa ibada, na wanafunzi hawaachi kuniuliza kwa nini Wayahudi wanaiimba Torati badala ya kuisoma tu. Swali lenyewe limekaa upande. Kwao kuighani ndiko kuisoma.

Aliyepita madrasa atanielewa upesi. Alama za waqfu kwenye msahafu humzuia msomaji asikate maneno mahali pa kuharibu maana. Alama za Kiebrania, te'amimu, zinafanya kazi hiyohiyo, ila hizi zinabeba na sauti pia, na karibu kila neno lina yake. Zinazotenganisha huitwa wafalme, zinazounganisha huitwa watumishi. Waliozipanga ni wanazuoni wa Tiberia, kando ya ziwa la Galilaya, na hati maarufu kuliko zote, Kodeksi ya Aleppo ya mnamo mwaka 930, ilitiwa alama na Aaron ben Asher wa ukoo uliobobea katika kazi hiyo.

Sasa ingia sinagogi siku ya Sabato. Gombo la Torati linalofunguliwa pale halina alama hata moja. Halina irabu, halina nukta, ni konsonanti tupu. Msomaji amejifungia nyumbani na kitabu cha safu mbili, moja yenye alama zote na nyingine tupu kama gombo, akikariri mpaka mahadhi yakae kichwani. Akikosea kwa namna inayobadili maana, anasahihishwa papo hapo kwa sauti, mbele ya watu wote.

Zamani alikuwapo pia wa kumwonyesha mahadhi kwa ishara za mkono. Katika Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi, yaani walimu wa sheria ya Kiyahudi, kwenye kitabu cha Berakoti 62a, wanajadili kwa nini mtu ajisafishe chooni kwa mkono wa kushoto. Rabi Akiva anajibu kwamba wa kulia ndio unaoonyesha alama za Torati. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Alama ninayoipenda ni shalsheleti. Ina umbo la msumeno uliosimama, na sauti yake ni ndefu, ya kupanda na kushuka, kupanda na kushuka. Katika Torati nzima imo mara 4 tu. Katika Mwanzo 19:16 iko pale Lutu anapokawia kutoka Sodoma; katika 39:8 iko kwenye neno linalosema Yusufu alimkataa mke wa Potifa. Maandishi yanasema "akakataa", basi. Mahadhi yanamwacha Yusufu akiyumbayumba juu ya neno hilo moja kabla ya kulimaliza, na wafafanuzi wengi wamesikia hapo kijana anayepigana na nafsi yake. Nakubaliana nao. Ila ya nne, Walawi 8:23, Musa anapochinja kondoo, inawapa kazi kweli, na maelezo mengi niliyoyasoma naona yamelazimishwa.

Alama ni moja, sauti ni nyingi. Myahudi wa Yemeni na wa Lithuania wanaangalia zakefu ileile na kuimba vitu viwili tofauti kabisa. Abraham Zvi Idelsohn, mtafiti wa muziki wa Kiyahudi, alilielewa hilo mapema. Alihamia Jerusalemu, akarekodi wasomaji wa jamii mbalimbali kwa fonografu, akachapisha juzuu 10 kati ya 1914 na 1932. Alifariki Johannesburg mwaka 1938.

Talmudi nayo haina te'amimu, wala ukurasa wake wa kawaida hauna alama ya kuuliza. Swali, jibu na pingamizi vimefuatana bila mpaka. Ndiyo maana wanaosoma wawiliwawili katika yeshiva, chuo cha Talmudi, huisoma kwa kughani: sauti ikipanda, hilo ni swali, ikishuka, limejibiwa, ikibaki hewani, mwenzako ajue hoja haijaisha. Ukimsikiliza mwanafunzi kwa nyuma ya mlango utajua kama ameelewa hata kama hujui Kiaramu, lugha ya Talmudi. Rabi Yohanan, katika kitabu kingine cha Talmudi, Megila 32a, ana maneno makali kwa anayesoma bila mahadhi: anamsomea aya ya Ezekieli 20:25, ya sheria zisizo njema.

Na mahadhi yakijulikana vizuri, yanaweza kutoa ufafanuzi bila kuongeza neno. Usiku wa Purimu, sikukuu ya kukumbuka Wayahudi walivyookolewa na njama ya Hamani, kitabu cha Esta husomwa kwa mahadhi yake ya furaha, watoto wakipiga kelele kila Hamani anapotajwa. Lakini katika 2:6, Mordekai anapotajwa pamoja na waliochukuliwa mateka kutoka Yerusalemu, wasomaji wa Kiashkenazi, yaani Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, huhamia kwenye mahadhi ya Maombolezo, yale ya siku ya kufunga kwa ajili ya hekalu lililobomolewa. Aya hiyo ikiisha, aya ya 7 inarudi kwenye mahadhi ya Esta, na Esta mwenyewe anatajwa kwa mara ya kwanza.