Josef Albers: vipimo vilevile, rangi tofauti

Mchoro wa Josef Albers husomwa pande zote mbili. Mbele kuna miraba mitatu au minne, mmoja ndani ya mwingine. Nyuma ya ubao ameandika kwa mkono jina la kila rangi na kampuni iliyoitengeneza, kwa kuwa manjano ya kampuni moja si manjano ya kampuni nyingine.

Albers alizaliwa Bottrop, Ujerumani, mwaka 1888. Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu alikofundisha, ilipofungwa kwa shinikizo la Wanazi mwaka 1933, alihamia Marekani: kwanza chuo cha Black Mountain College, kisha Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1950. Mwaka huohuo alianza mfululizo wa michoro hiyo ya miraba, Homage to the Square (Heshima kwa Mraba), akauendeleza hadi alipofariki mwaka 1976. Kazi hizo zilipita 1,000.

Vipimo ni rahisi. Kwenye ubao wa sentimita 60, mpangilio wa miraba minne hutoa pande za sentimita 60, 48, 36 na 24. Kila mraba wa ndani huachiwa nafasi ya sentimita 3 chini, 6 kila ubavu na 9 juu, na ndiyo maana miraba huonekana kama imeshuka. Wanaomwita Albers mtu wa hesabu huishia hapa. Mimi naona alifunga vipimo ili kibaki kitu kimoja tu cha kubadilika: rangi.

Alipaka ubao wa Masonite (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) tabaka kadhaa za praima nyeupe, yaani rangi ya msingi, kisha rangi ya mafuta kwa kisu, nyingi ikitoka kwenye tyubu bila kuchanganywa. Alianzia katikati kwenda nje, jinsi baba yake, aliyekuwa fundi, alivyomfundisha kupaka mlango: matone hayaharibu kazi na mikono ya shati haichafuki.

Jaribu mwenyewe. Kata vipande viwili vidogo vya karatasi moja ya kijivu. Weka kimoja katikati ya karatasi kubwa ya manjano, kingine juu ya buluu iliyokolea, uvitazame kwa pamoja. Cha kwanza kitaonekana cheusi zaidi, cha pili cheupe zaidi, kwa sababu jicho hupima rangi kwa kuilinganisha na jirani yake. Ukikata vipande vikubwa mno, tofauti hupungua. Karatasi inayong'aa nayo huharibu, maana mng'ao hufunika rangi. Ukimaliza, rudia chini ya taa nyingine. Albers mwenyewe alifanya kazi chini ya taa za mirija, za mwanga wa joto na za mwanga baridi.