Uchunguzi wa maabara katika afya ya jamii: jibu la kipimo husomwaje?

Mtu anaamka na homa Mwanjelwa au Mafinga, anapita maabara ya mtaani kabla hajaenda kazini, na baada ya nusu saa anatoka na karatasi iliyoandikwa kwa haraka: malaria, wadudu 2, Widal, O 1:160. Anavuka barabara hadi duka la dawa. Jioni anawaambia wenzake, "Nimekutwa na taifodi," na hakuna anayehoji, maana karibu kila mtu aliyepima mwezi huo alikutwa nayo.

Karatasi ile haijasema ana taifodi. Imesema majimaji ya damu yake yamezimuliwa mara 160 na bado yakagandisha chembe za bakteria wa taifodi zilizomo kwenye kitendanishi, yaani dawa ya kupimia. Kutoka hapo hadi "una taifodi" kuna hatua ndefu, na hatua hiyo ndiyo watu wengi wanairuka, wakiwemo baadhi ya wanaovaa koti jeupe.

Uchunguzi wa maabara ni kuchukua sampuli, iwe damu, makohozi, mkojo, kinyesi au maji ya kisima, na kutafuta ndani yake dalili ya ugonjwa ambayo macho hayaioni. Dalili hiyo huwa ya aina tatu. Kuna kumtafuta mdudu mwenyewe, kwa darubini au kwa kumwotesha. Kuna kutafuta kipande chake, kama protini au vinasaba. Na kuna kutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili wako ulitengeneza ulipokutana na mdudu huyo. Ukijua kipimo chako kiko kundi gani, nusu ya mkanganyiko unaisha.

Widal iko kundi la tatu. Ilibuniwa Ufaransa mwaka 1896 na daktari Fernand Widal, na kwa wakati wake ilikuwa kazi kubwa. Shida ni kwamba kingamwili ni kama nyayo kwenye tope: zinakuonyesha kuna aliyepita, hazikuambii kama ni leo asubuhi au mwaka juzi. Mtu aliyewahi kuugua taifodi anaweza kuendelea kuonyesha namba za juu muda mrefu baada ya kupona. Bakteria wengine wa jamii ya Salmonella nao wanaweza kuzipandisha, na hata malaria inaweza kuvuruga jibu. Mahali ambapo watu wamekutana na bakteria hao tangu utotoni, 1:160 moja, iliyopimwa mara moja tu, haithibitishi chochote.

Kipimo kinachotegemewa ni kuotesha damu. Mtu mzima hutolewa mililita 8 hadi 10, zinaingizwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, na majibu yanasubiriwa siku kadhaa. Hata hicho hukosa karibu nusu ya wagonjwa, na kama mtu alishameza antibayotiki ya dukani kama siprofloksasini, hukosa zaidi. Kwa hiyo sisemi kwamba kipimo kamili cha taifodi kiko mikononi mwetu na watu wanakikataa tu. Ninachosema ni kwamba dozi za antibayotiki zinazoandikwa kwa Widal peke yake ni nyingi mno, na kila dozi isiyo na sababu inawapa bakteria nafasi ya kujifunza. Wataalamu wanauita usugu wa vimelea dhidi ya dawa, au UVIDA kwa kifupi. Taifodi ya kweli itakapokuja, dawa iliyozoeleka itagonga mwamba.

Sasa twende kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha dhana nzima, na halielezwi vya kutosha: jibu lile lile, kutoka kwenye kipimo kile kile, halina uzito sawa Kyela, mkoani Mbeya, na Makete, mkoani Njombe.

Kila kipimo kina makosa ya aina mbili. Kinaweza kumkosa mgonjwa, au kumpa mzima jina la mgonjwa. Chukua kipimo kizuri cha kufikirika, kinachowagundua wagonjwa 95 katika kila 100, na kinachowaambia ukweli wazima 98 katika kila 100. Kipeleke mahali ambapo katika watu 1,000 wagonjwa ni 200. Kitawakamata 190, na katika wazima 800 kitawasingizia 16. Majibu chanya yote ni 206, na mengi mno ni ya kweli. Ukiambiwa unaumwa, amini.

Kipeleke kipimo hicho hicho mahali ambapo katika watu 1,000 wagonjwa ni 5 tu. Kitawapata wote watano, au kitamkosa mmoja kwa bahati mbaya. Lakini wazima sasa ni 995, na asilimia 2 yao ni kama watu 20. Majibu chanya ni kama 25, na kati yake 20 ni ya uongo. Mashine haijaharibika na aliyepima hajakosea kitu. Ugonjwa wenyewe ndio umekuwa adimu, na kadiri unavyokuwa adimu ndivyo jibu chanya linavyohitaji kuthibitishwa.

Kyela iko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kuna joto, mpunga, maji yaliyotuama na mbu. Makete iko juu ya mita 2,000 sehemu nyingi, na kipupwe chake kila aliyewahi kulala huko anakijua. Kimelea cha malaria kinahitaji joto ili kikue ndani ya mbu. Joto likishuka chini ya nyuzi 18 au 16, kinasimama. Ndiyo maana Njombe na Iringa ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Mkulima wa viazi asiyetoka kijijini kwake Makete akikutwa na "wadudu wawili" kwenye maabara ya mtaani, jambo la kwanza ni kurudia kipimo, si kumeza dawa mseto.

Lakini muulize kwanza kama amesafiri. Kama wiki mbili zilizopita alikuwa Kyela kununua mchele, hesabu yote inageuka. Tena huyo ni wa kuangaliwa kwa haraka, kwa sababu mtu wa mlimani hana kinga ya mwili dhidi ya malaria na anaweza kuzidiwa ndani ya siku chache. Swali la "umesafiri hivi karibuni?" ni sehemu ya kipimo kama sindano yenyewe, na daktari asiyeliuliza anasoma nusu ya jibu.

Kyela nako kuna mtego wake. Huko mtu anaweza kubeba vimelea vya malaria bila kuumwa, kwa kuwa mwili umevizoea. Mtoto akiletwa na homa, kipimo kikasema malaria, jibu linaweza kuwa sahihi kabisa na bado homa ikawa ya nimonia. Muuguzi mzuri haishii kwenye damu ya kidole. Atahesabu pia mtoto anapumua mara ngapi kwa dakika. Kingine: kipimo cha haraka cha malaria kinatafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kimelea kufa. Ukimaliza dozi kisha ukarudia kipimo kile ili kuona kama umepona, mistari miwili, alama ya jibu chanya, inaweza kukutisha bure. Kwa swali hilo, omba darubini.

Kwenye VVU hesabu hii ina uzito wa pekee kwetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 uliwakuta na VVU asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Njombe ilikuwa asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Pamoja na viwango hivyo vya juu, hakuna anayeanzishiwa dawa kwa kipimo kimoja. Kipimo cha kwanza kikionyesha mistari miwili, hufuata cha pili cha aina nyingine, na majibu yakigongana mtu huambiwa arudi. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, mtu anaruhusiwa kujipima mwenyewe, na hapo kanuni ni ile ile: aliyejikuta na mistari miwili nyumbani hajapata jibu la mwisho, amepata sababu ya kwenda kituoni.

Mtoto mchanga ana habari yake. Mama mwenye VVU humpitishia mtoto kingamwili zake, na zinaweza kubaki hadi miezi 18, kwa hiyo kipimo cha kawaida kitasema "chanya" hata kwa mtoto asiye na kirusi. Ndiyo sababu mtoto wa wiki nne hadi sita hutobolewa kisigino, matone ya damu yakadondoshwa kwenye karatasi maalumu na kuachwa yakauke, kisha karatasi ikasafirishwa hadi maabara kubwa, kama ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, kutafuta vinasaba vya kirusi chenyewe. Damu iliyokauka haihitaji barafu, inavumilia safari.

Nimesema sampuli bila kueleza kwamba ndiyo inayoharibu majibu mengi kuliko mashine. Kifua kikuu ni mfano wa wazi. Mgonjwa anapewa kikopo chenye mfuniko, anaambiwa akaweke makohozi, naye anarudi na povu jeupe.

"Baba, haya ni mate," nesi anamwambia. "Toka nje kwenye upepo, vuta pumzi ndefu mara mbili, halafu kohoa kutoka kifuani. Nataka kile kizito."

Darubini inahitaji bakteria kati ya 5,000 na 10,000 katika kila mililita ili mtu awaone. Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha Desemba 2010, inahitaji kiasi cha mia na ushee, hutoa jibu ndani ya saa mbili hivi, na inaonyesha pia kama bakteria wana usugu kwa dawa ya rifampisini. Watafiti wa Mbeya walikuwa miongoni mwa walioijaribu mapema. Lakini mashine hiyo ikipewa mate, itapima mate.

Maabara nazo hupimwa. Zile zilizo kwenye mpango wa ubora hutumiwa sampuli ambazo majibu yake yanajulikana na aliyezituma tu, zinapimwa kama za mgonjwa yeyote, kisha majibu yanalinganishwa. Ni swali halali kumuuliza mwenye maabara ya mtaani kama yuko kwenye mpango huo. Atakayekasirika amekujibu.

Mpaka hapa nimezungumzia kipimo kinachomhudumia aliyetoa damu. Upande wa afya ya jamii una kazi nyingine, na kipindupindu ndicho kinachoionyesha vizuri. Kyela inapakana na Malawi, na watu huvuka kila siku pale Kasumulu. Mlipuko ulioanza Malawi Machi 2022 uliua watu zaidi ya 1,700, ukawa mbaya kuliko yote iliyorekodiwa nchini humo. Tanzania nayo ilikuwa imeshakumbwa na mlipuko mkubwa ulioanza Agosti 2015.

Mtu anayeharisha maji kama ya mchele hasubiri maabara. Anapewa maji ya chumvichumvi au dripu hapo hapo, kwa sababu kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache. Sampuli yake inachukuliwa kwa ajili ya wengine. Kijiti chenye kinyesi kinatumbukizwa kwenye kichupa cha Cary-Blair, uji mzito unaowaweka bakteria hai njiani, na kichupa hakiwekwi kwenye friji kwa kuwa baridi huwadhoofisha. Maabarani sampuli inaoteshwa kwenye sahani ya kijani, na baada ya saa 18 hadi 24, kama ni kipindupindu, sahani huota vidoa vya manjano. Baada ya hapo hufanyika vipimo vya kuthibitisha aina, na vya kujua ni dawa gani bado inawaua bakteria hao.

Jibu hilo likitoka, wilaya nzima inabadilika: maji yanatiwa klorini, mama lishe wanaambiwa wafunge, mazishi yanasimamiwa. Hatua hizo zinagharimu watu riziki, na usingependa zichukuliwe kwa uvumi. Mlipuko ukishathibitishwa, hakuna haja ya kumpima kila anayeharisha. Anatibiwa kwa dalili, na maabara inaotesha sampuli chache kuangalia kama bakteria wanajenga usugu. Wagonjwa wakianza kupungua, upimaji unapanda tena, kwa sababu sasa kila anayeharisha huenda anaumwa kitu kingine. Ni ile hesabu ya Makete, safari hii imehama kwa wakati na si kwa mahali.

Ndiyo maana msafiri anayeshuka Kasumulu akitokea Karonga, Malawi, akaenda zahanati na kuhara kidogo tu, huombwa kinyesi hata kama anaonekana anaendelea vizuri, na huulizwa alikunywa maji ya wapi na alilala kwa nani.