Bia Isiyofundishika kwa Karatasi

Tarehe 4 Julai 1788, wapika bia kumi waliandamana katika barabara za Philadelphia wakiwa wamechomeka masuke ya shayiri kwenye kofia zao na kujifunga mishipi ya matawi ya hopsi, mmea unaoipa bia uchungu wake. Gari lao lilibeba mapipa yenye maandishi: kinywaji kinachowafaa Wamarekani. Mji ulikuwa unasherehekea kupitishwa kwa katiba mpya, na kwenye karamu ya siku hiyo pombe kali hazikuandaliwa. Waliohudhuria walikunywa bia na kinywaji cha matofaa yaliyochachushwa.

Hayo yalimfurahisha sana daktari Benjamin Rush wa mji huohuo, ambaye tangu 1784 alikuwa akiandika dhidi ya ramu na wiski. Baadaye alichora kipimo kilichofanana na kipimajoto: juu kabisa aliweka maji, chini yake kidogo bia nyepesi, na kule chini wiski na ramu, pamoja na jela na kitanzi. Kipimo hicho ndicho ninachowaonyesha wanaodai kwamba watu wa zama zile walikunywa bia kwa sababu hawakuthubutu kugusa maji. Visima na chemchemi zilikuwapo, na watu walizitumia.

Serikali nayo iliibeba bia. Sheria ya ushuru ya 1789 ilitoza senti 5 kwa kila galoni ya bia iliyoingia kwa mapipa kutoka nje. Mwaka huohuo Massachusetts ilisamehe kodi kwa miaka mitano viwanda vya bia vilivyotoa angalau mapipa 100 kwa mwaka. George Washington alimwandikia Lafayette, jenerali wa Ufaransa, kwamba nyumbani kwake hatumii bia nyeusi wala jibini isipokuwa vilivyotengenezwa Marekani.

Ila matakwa ya wakubwa hayakuota shayiri. Sensa ya 1810 ilihesabu viwanda 132 na mapipa yasiyofika 183,000, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 7. Ukigawanya, haifiki hata galoni moja kwa mtu kwa mwaka, ingawa bia ya majumbani haimo humo. Sababu haziko mbali. Mkulima wa bara alikuwa na mahindi na ngano ya rai, na barabara zilikuwa mbovu. Bia ni nzito kusafirisha na joto huichachua ikawa siki, lakini wiski hukaa miaka na hubeba thamani kubwa katika pipa dogo. Washington mwenyewe alifungua mtambo wa wiski kwenye shamba lake la Mount Vernon mwaka 1797, na kufikia 1799 ulitoa karibu galoni 11,000. Mapenzi yake kwa bia hayakumfumba macho kwenye hesabu.

Bia nyingi iliyonyweka ilipikwa nyumbani. Katika daftari la Washington la 1757 kuna maelekezo yake: pumba chungio zima na hopsi kiasi upendacho, vichemshwe saa 3, vichujwe vitoe galoni 30, kisha uongeze galoni 3 za molasi. Ikishabaki na uvuguvugu tia hamira, na baridi ikiwa kali funika kwa blanketi. Yeyote aliyewahi kuandaa togwa ataona kinachokosekana: kimea. Utamu wote ulitoka kwenye molasi, ambayo kwa kawaida ilitoka mashamba ya miwa ya Karibi yaliyolimwa na watumwa. Ndiyo maana maelekezo haya yanatosha kwenye ukurasa mmoja.

Bia ya kimea ni kazi nyingine. Nafaka lazima ilowekwe, ioteshwe, na ikaushwe kabla chipukizi hazijamaliza wanga, na mpishi huamua kwa vidole na pua. Huko Monticello, Virginia, shambani kwa rais wa zamani Thomas Jefferson, aliyekuwa na vidole hivyo ni Peter Hemings, mtumwa wake. Alikuwa mpishi na fundi cherehani, na mwaka 1813 alifundishwa kupika bia na Joseph Miller, Mwingereza ambaye vita kati ya Uingereza na Marekani vilimkwamisha Virginia. Jefferson hakulima shayiri, hivyo Hemings alitumia ngano, na mahindi pia. Kila msimu wa majani kupukutika alipika mapipa matatu ya galoni 60, moja baada ya jingine. Hawakubania nafaka: busheli moja ilitoa galoni 8 hadi 10, wakati viwanda vya biashara viliivuta mpaka 15, na Jefferson aliisema bia ya viwanda hivyo kuwa chapwa.

Habari zilienea, majirani wakaanza kuomba maelekezo. Mwaka 1820 Jefferson alimwalika James Madison, rais mwenzake wa zamani, atume mtu ajifunze Monticello, akieleza kwamba mpika bia wake ana akili isiyo ya kawaida na anaweza kufundisha. Mwaka uliofuata alimjibu mwombaji mwingine kwamba hana maelekezo yoyote, na kwamba ana shaka kama kazi hiyo inawezekana kwa kufuata karatasi.

Jefferson alikufa mwaka 1826 akiwa na madeni makubwa. Kwenye mnada wa 1827, Hemings, akiwa na miaka 56, alinunuliwa kwa dola 1 na Daniel Farley, mpwa wake aliyekuwa huru. Akaishi huru Charlottesville, akishona nguo.