Waziri Mkuu Aliyetaka Kuifuta Wizara ya Elimu

Tarehe 21 Januari 1988 BBC ilirusha sehemu ya Yes, Prime Minister, tamthilia ya vichekesho ya Uingereza kuhusu wanasiasa na watumishi wa serikali, iitwayo "The National Education Service", nami ninayefundisha sera ya elimu bado naitumia darasani, kwa sababu andiko la kitaaluma linaloonyesha kwa nusu saa namna wizara inavyoyameza mageuzi ni adimu mno.

Wahusika wanaotuhusu ni watatu. Jim Hacker, aliyeigizwa na Paul Eddington, ni Waziri Mkuu mpenda sifa na mwoga wa lawama. Sir Humphrey Appleby, aliyeigizwa na Nigel Hawthorne, ni Katibu wa Baraza la Mawaziri. Na Dorothy Wainwright ni mshauri wa kisiasa wa Hacker. Waziri Mkuu analalamika kwamba ubovu wa shule unamharibia jina, ilhali shule zenyewe zinaendeshwa na halmashauri. Dorothy anampa jawabu fupi: wazazi wachague shule waitakayo, fedha zimfuate mtoto, na wizara, ikiwa haina tena la kufanya, ifutwe.

Hofu ya Sir Humphrey kuhusu kufungwa kwa ofisi inachekesha, lakini utamu wenyewe uko pale anapoeleza asili ya shule za pamoja, yaani zile zinazopokea watoto wote bila kuwachuja kwa mtihani wa umri wa miaka 11. Hacker anaamini zilianzishwa ili kuondoa matabaka baina ya wanafunzi. La hasha, anajibiwa. Wanafunzi hawakutajwa kabisa, kwani matabaka yaliyokuwa yakisumbua yalikuwa baina ya walimu, na wizara ilitaka kupumua kutokana na ugomvi wa vyama vyao. Serikali ya chama cha Labour, cha mrengo wa kushoto, ikaambiwa kwamba mpango unaondoa upendeleo wa kitabaka, na ya chama cha Conservative, cha mrengo wa kulia, kwamba kuchuja watoto kunagharimu fedha nyingi. Sera ilikuwa ile ile, imevishwa kanga nyingine.

Waandishi wa tamthilia, Antony Jay na Jonathan Lynn, hawakutia chumvi nyingi hapo. Waraka namba 10/65 wa mwaka 1965, uliotolewa Anthony Crosland akiwa waziri wa elimu, haukuwa sheria; uliziomba tu halmashauri ziandae mipango ya shule za pamoja. Mwaka 1970 waziri mpya wa Conservative aliuondoa, lakini mipango iliendelea kufika mezani kwake, naye akaendelea kuiidhinisha, hadi akawa waziri wa elimu aliyeidhinisha mwisho wa shule nyingi zaidi za wanafunzi teule kuliko mwingine yeyote. Waziri huyo ni Margaret Thatcher, ambaye kipindi kiliporushwa alikuwa Waziri Mkuu na shabiki mkubwa wa tamthilia hiyo na ya Yes Minister iliyoitangulia, kiasi kwamba mwaka 1984 aliigiza igizo fupi pamoja na Eddington na Hawthorne, akitaka wachumi wafutwe.

Udhaifu wa kipindi, kwa maoni yangu, ni kwamba pendekezo la Dorothy halihojiwi kwa ukali ule ule. Hatuulizwi nini kitampata mtoto ambaye shule nzuri imejaa, au ambaye mzazi wake hana nauli ya kumpeleka mbali. Mpango unavunjika kwa sababu nyingine kabisa: kigoda ambacho Waziri Mkuu alizawadiwa na shule ya mfano kinabainika kuwa kimetengenezwa kwa mbao za wizi, na Sir Humphrey anajua thamani ya habari hiyo mikononi mwa waandishi.

Wakati huo huo muswada halisi wa mageuzi ya elimu, ulioletwa na Kenneth Baker, ulikuwa tayari Bungeni. Nusu ya mawazo ya Dorothy yalikuwamo: wazazi walipanuliwa uhuru wa kuchagua, fedha za shule zikategemea zaidi idadi ya wanafunzi, na shule ziliruhusiwa kujitoa katika halmashauri na kupokea ruzuku moja kwa moja kutoka serikali kuu. Nusu ya pili ilikwenda kinyume chake. Muswada ulipokuwa sheria tarehe 29 Julai 1988, uliifuta mamlaka ya elimu ya London ya ndani, ukaanzisha mtaala wa taifa, na ukaiachia wizara kazi nyingi kuliko zile alizokuwa akizitetea Sir Humphrey.