Je, wajua risasi huingiaje kwenye dawa za mitishamba?

Kopo limeandikwa "asilia", ndani mna unga wa mizizi na majani tu. Inakuwaje maabara ikute humo risasi, madini yaleyale yaliyomo kwenye betri ya gari?

Wakati mwingine chanzo ni ardhi: mmea hunyonya kilichomo udongoni. Wakati mwingine huwekwa kwa imani. Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, kuna tawi liitwalo rasa shastra linalochanganya mitishamba na zebaki au risasi iliyochomwa ikawa majivu, kwa kuamini kwamba moto umeondoa sumu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa mtandaoni. Takriban moja katika kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki.

Linaloniuma zaidi ni la sokoni. Chukua manjano, ambayo siku hizi huuzwa hata kwenye vidonge vya kutuliza maumivu ya viungo. Miaka ya 1980 mafuriko makubwa yalilowesha mavuno ya Bangladesh, mizizi ikapauka. Wafanyabiashara wakaigeukia rangi ya viwandani yenye njano kali, kromati ya risasi. Mizizi mikavu huzungushwa kwenye pipa mpaka isuguane na kutoa ganda. Humohumo wakatupia rangi ile, mizizi ikatoka inang'aa. Wanunuzi wakaipenda, na mchezo ukaendelea kwa miongo.

Risasi hiyo haina harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Mwili huichukulia kama kalsiamu na kuiweka kwenye mifupa, ikakaa miaka. Mama akipata ujauzito, mifupa hutoa kalsiamu kumjenga mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo mpaka kwenye ubongo unaoumbika. Kama ni mjamzito na unatumia unga wowote wa dawa, tafadhali mtajie muuguzi kliniki.

Mwaka 2019, asilimia 47 ya sampuli za manjano katika masoko ya Bangladesh zilikuwa na risasi. Serikali ikatangaza hatari hiyo magazetini, ikaingia soko la jumla la Shyambazar jijini Dhaka na kifaa cha mkononi kinachopima rundo la mizizi palepale, wauzaji wawili wakatozwa faini hadharani. Mwaka 2021 masoko yalipopimwa tena, asilimia ilikuwa 0.