Kwa nini kitabu cha anwani cha ofisi huonekana kitupu wakati seva iko hai?

Unafungua programu ya barua pepe, unabofya kitabu cha anwani cha ofisi, unakuta ukurasa mweupe. Hakuna jina hata moja. Wengi hapo husema "mtandao umekata" au "seva imelala". Mimi nilisema yote mawili, katika ofisi moja karibu na Barabara ya Kenyatta hapa Mwanza. Nikazima ruta na kuiwasha mara tatu, nikabadilisha waya, nikampigia simu mtu wa IT ambaye siku hiyo alikuwa Sengerema akisubiri kivuko. Nilikuwa naamini kitabu kile ni daftari: ukilifungua majina yapo, na yasipokuwepo basi kuna mtu kayafuta.

Karani wetu, mama asiyependa maneno mengi, akaja na kikombe chake cha chai mkononi. Akabofya kisanduku cha kutafutia, akaandika herufi tatu: Mas. Wakashuka akina Masanja, Masalu, Masunga, na Masunga mwingine. Akarudi mezani kwake.

Kumbe nilichokuwa nakiita daftari ni dirisha la masijala. Anayesimama pale haruhusiwi kuingia ndani kupekua mafaili. Anataja jina, karani anaingia, anarudi na kinachohusika. Usipotaja kitu, karani anakutazama tu. Thunderbird, programu ya barua pepe, ndivyo inavyoziendea saraka za aina hii, yaani orodha za watu zilizo kwenye seva, zinazozungumza lugha ya LDAP iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1993: haiulizi chochote mpaka uandike. Ina maana yake, kwa sababu shirika lenye watumishi elfu kumi halitaki kila kompyuta ivute orodha nzima kila asubuhi. Hata seva zenyewe zina kikomo. Seva ya OpenLDAP isipobadilishwa hutoa majina 500 kwa ombi moja, Active Directory ya Microsoft 1,000. Programu nyingine zina tabia zake, kwa hiyo weupe unaouona kwingine unaweza kuwa hitilafu kweli.

Je, ukiandika jina na ukurasa ukabaki mweupe?

Hapo ndipo pananifurahisha. Majina ndani ya seva yamepangwa kama mkoa, wilaya, kata na mtaa, na kwenye mipangilio kuna sehemu ya kutaja utafutaji uanzie wapi. Kwenye skrini huitwa Base DN, na huandikwa mfano wa "ou=watumishi,dc=mfano,dc=tz", kidogo kwanza na kikubwa mwisho, kama anwani juu ya bahasha. Sasa chukulia umemtuma kijana wa bodaboda amtafute mtu anayekaa Kirumba, ila umemwambia asitoke Nyamagana. Atazunguka Pamba, Mabatini, mpaka Nyegezi, atarudi na vumbi usoni akuambie hayupo. Hajakudanganya. Kirumba iko Ilemela. Seva nayo iliyoambiwa ianzie kwenye tawi lisilo sahihi hutafuta kwa uaminifu wote, kisha hujibu "nimefaulu" ikiwa na majina sifuri. Programu haioni kosa la kukuonyesha, nawe unaendelea kulaumu waya.

Ukitaja tawi lisilokuwepo kabisa, jibu hubadilika kuwa kosa namba 32, yaani kitu hicho hakipo. Lakini usilishike sana jibu hilo. Zipo seva zinazotoa 32 hiyohiyo kwa mtu asiye na ruhusa, ili asijue hata kama tawi lipo. Kuna pia kina cha utafutaji: kikiwekwa ngazi moja, kijana wako atauliza kwenye ofisi za kata tu, mitaani haingii.

Mambo ya mlango ni mafupi. Poti 389 ni ya kawaida, 636 ni ya mawasiliano yaliyofungwa kwa usimbaji tangu mwanzo. Ukizichanganya, programu huweza kungoja jibu ambalo haliji. Na kama seva ina cheti cha usalama, andika jina lake lililo kwenye cheti. Namba ya IP mara nyingi hukataliwa.

Inabaki kitambulisho. Seva nyingi hazitaki jina fupi unalotumia kuingilia kwenye kompyuta, zinataka jina refu lenye tawi lake lote. Ukikosea hilo au nenosiri, unapata kosa namba 49. Hilo angalau linaonekana. La ajabu ni pale unapotaja jina lako kamili halafu nenosiri ukaliacha wazi. Kwa kanuni za LDAP hilo si kosa la kukataliwa moja kwa moja: ni ombi la kupokelewa kama mgeni asiye na jina. Karani anatabasamu, anasema karibu, kisha anakuhudumia kama mpita njia, pengine kwa kukuonyesha nusu ya majina au kutokukuonyesha lolote. Kanuni za mwaka 2006 zinashauri seva zikatae ombi la namna hiyo zisipoambiwa vinginevyo, ila ni ushauri wenye uzito, si lazima. Kwa hiyo seva ikikupokea haraka kuliko ulivyotegemea, andika Mas kwanza uone wangapi wanashuka.