Je, wajua kwa nini uamsho wa Afrika Mashariki ulianza kwa watu waliokuwa Wakristo tayari?

Neno "mlokole", ambalo leo hutumika katika Afrika Mashariki kumtaja Mkristo anayekiri kwamba ameokoka, limetoka katika Kiganda, ambako "balokole" maana yake ni watu waliookolewa. Ni rahisi kudhani kwamba watu wa kwanza kuitwa hivyo walikuwa ndiyo kwanza wanaacha matambiko na kumfuata Kristo, lakini sivyo ilivyokuwa. Walikuwa watu waliokwisha kubatizwa, waliosoma Maandiko na kuikaribia meza ya Bwana, na baadhi yao walikuwa watumishi wa misheni. Mtu aliyekuwa ndani ya kanisa kiasi hicho alikuwa akitafuta nini zaidi, na alikipataje?

Jibu linaanzia kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, mwezi wa Septemba 1929. Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Kianglikana huko Gahini, mashariki mwa Rwanda, alifika hapo akiwa amechoka mwili na roho, kwa kuwa njaa kali ilikuwa imeikumba Rwanda na kazi ya kuwahudumia wenye njaa ilikuwa imemmaliza nguvu. Alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya afya ya serikali, ambaye naye alikuwa akihuzunishwa na ubaridi aliouona kanisani. Wawili hao hawakuwa na mpango wa kuanzisha jambo lolote. Walikaa pamoja siku mbili wakisoma Biblia na kufuatilia yale inayoyasema kuhusu Roho Mtakatifu, wakaomba, na kila mmoja akakiri mbele ya mwenzake kwamba amepungukiwa. Tukumbuke kwamba zama hizo zilikuwa za ukoloni, ambapo Mzungu alizoea kufundisha na Mwafrika alizoea kufundishwa; kwa hiyo daktari kupiga magoti kando ya Nsibambi kama mhitaji mwenzake lilikuwa jambo zito, na kwangu mimi hapo ndipo uamsho wenyewe ulipozaliwa. Baadaye Nsibambi aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri, naye Church akarudi Gahini.

Huko Gahini mambo hayakubadilika mara moja. Hospitali ilikuwa na manung'uniko mengi, na miongoni mwa walionung'unika alikuwa Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa hospitali. Mwaka 1931 alikwenda Kampala kumwona Nsibambi, akamweleza yote yaliyoharibika kazini. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba tatizo kubwa lilikuwa dhambi iliyomo moyoni mwake mwenyewe. Kinuka hakulipenda neno hilo, ila alilibeba njiani akirudi, na kabla safari haijaisha akajitoa kwa Kristo. Malalamiko aliyoyapeleka Kampala huenda yalikuwa ya kweli kabisa, lakini kuyataja hakukumpa amani. Amani aliipata alipokubali kutazamwa yeye.

Jambo kama hilo liliwapata wengi kwa pamoja baada ya Krismasi ya mwaka 1933, katika mkutano wa siku kadhaa uliofanyika Gahini. Siku ya mwisho, wakati wa maombi, Mkristo mmoja alisimama akaungama dhambi yake waziwazi, na kwa saa mbili na nusu hivi watu wakafuatana kuungama, nyakati nyingine wawili au watatu wakiwa wamesimama kwa mara moja wakitaka kusema. Kutoka hapo moto huo ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika, huku watu wakirudisha vitu walivyoiba, wakilipa madeni yaliyosahaulika na kuwaomba msamaha waliowakosea.

Kwa nini kuungama kulete furaha, wakati mtu angetarajia aibu? Walokole walilijibu hilo kwa Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 1, aya ya 7, unaofundisha kwamba wanaoenenda nuruni hushirikiana wao kwa wao, na damu ya Yesu huwasafisha dhambi yote. Waliliita jambo hilo kutembea nuruni. Mtu anayeificha hali yake hulazimika kuilinda sifa yake kila siku, naye huisikia habari ya msamaha bila kuamini kwamba inamhusu, kwa sababu anayesifiwa na kupendwa na watu ni yule mtu wa nje tu. Anapovunjika, kama walivyosema wenyewe, na kujitaja jinsi alivyo chini ya msalaba, ndipo anapogundua kwamba amependwa yeye mwenyewe pamoja na uovu wake. Utoshelevu wa kiroho waliousimulia ulikuwa huo: kujulikana kabisa na kusamehewa kabisa.

Hatari zilikuwepo. Kuungama kuliweza kugeuka kuwa sheria, na wapo walioona kwamba walokole waliwahukumu wasiosimulia dhambi zao kama wao. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, akiwemo William Nagenda, mmoja wa viongozi wa walokole, walifukuzwa baada ya mgogoro na uongozi wa chuo. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ndugu hao hawakuanzisha kanisa lao, bali walibaki wakiomba ndani ya makanisa yaliyowalea.

Nchini Kenya imani hiyo ilijaribiwa kwa gharama kubwa zaidi wakati wa Mau Mau, ambapo wengi wao walikataa kula kiapo kwa kuwa walikwisha kuinywa damu ya Kristo, na wengi wao wakakataa pia kubeba silaha upande wa serikali. Baadhi yao waliuawa. Mtu asiye na kitu moyoni hawezi kusimama hapo kwa ukaidi peke yake.

Ushirika wa ndugu ungali unakutana katika sehemu nyingi za nchi hizi. Anayesimama kushuhudia hutarajiwa kusema alivyookoka zamani, lakini pia yale ambayo Bwana amemwonyesha juma hili, nyumbani kwake na kazini kwake, na wenzake humwitikia kwa kuimba.